Uhuru juu ya Bukoba: Setilaiti yenye jina la Kiswahili iliyofumbua fumbo la nyota zinazonyonya wenzao

Chukua ramani, weka kidole Rwamishenye, hapa Bukoba. Uko digrii moja na kitu kusini mwa ikweta. Sasa rudi nyuma hadi miaka ya 1970 hadi 1973. Takriban kila baada ya dakika 103, mchana na usiku, mtambo wa kilo 140 hivi ulikuwa unakatiza anga karibu na utosi wa mji huu, kimo cha zaidi ya kilomita 500. Ulipita hivyo kama mara 14 kwa siku. Watu walikuwa wanaanika kahawa, wanasubiri basi, wanasubiri senene wa msimu, na juu yao kulikuwa na chombo kinachohesabu eksirei kutoka angani. Jina lake? Uhuru.

Si tafsiri. Hilo ndilo jina lenyewe, na ukifungua kitabu chochote cha astronomia ya eksirei, kiwe cha Kiingereza, Kijerumani au Kijapani, utalikuta. Katalogi ya mwisho ya setilaiti hiyo ilitoka mwaka 1978 ikiwa na vyanzo 339 vya eksirei, na mpaka leo wanaastronomia wanaviita kwa herufi "4U", yaani katalogi ya nne ya Uhuru. Mtu akiandika "4U 1820-30", ameandika neno la Kiswahili bila kujua.

Lakini jina si kitu kama kazi haipo. Makala hii inahusu kazi hiyo: jinsi Uhuru ilivyotuonyesha kwamba angani kuna nyota ndogo, nzito kupita kiasi, zinazoishi kwa kunyonya nyota jirani zao.

Kwanza, kwa nini upande juu?

Eksirei za hospitalini zinapenya nyama na kugonga mfupa, kwa hiyo ni rahisi kudhani zinapenya kila kitu. Hapana. Eksirei zinazotoka angani humezwa na hewa kabla hazijafika chini. Hata ukipanda kilele cha Kilimanjaro ukiwa na kifaa bora kabisa, hutapata kitu. Angahewa hutulinda, na wakati huohuo hutuziba macho.

Dawa ni kupanda juu ya hewa. Tarehe 18 Juni 1962, timu ya Riccardo Giacconi, Mtaliano aliyekuwa anafanya kazi Marekani, ilirusha roketi ndogo kutoka jangwa la New Mexico. Roketi ilikaa juu dakika chache tu kisha ikaanguka. Dakika hizo zilitosha kuonyesha kitu ambacho hakuna aliyekitarajia: chanzo kikali cha eksirei upande wa kundinyota la Nge. Kikaitwa Scorpius X-1.

Hapo ndipo fumbo lilipoanza. Jua letu linatoa eksirei, lakini ni chembe tu ukilinganisha na mwanga wake wa kawaida. Scorpius X-1 ni kinyume: kwa macho ni kinyota hafifu kinachohitaji darubini, lakini kwa eksirei ni kinara. Nyota gani hiyo inayotumia karibu nguvu zake zote kutoa eksirei?

Roketi ya dakika chache haiwezi kujibu. Ni kama kutaka kujua biashara ya soko zima kwa kuchungulia kupitia dirisha la basi lililo mwendoni. Unahitaji kukaa, uangalie siku nzima, wiki nzima, mwaka mzima. Unahitaji setilaiti.

Kwa nini pwani ya Kenya?

Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitalia, chini ya Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Roketi, aina ya Scout, ilikuwa ya Wamarekani, na setilaiti yenyewe ilikuwa ya NASA. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru. Meneja wa mradi upande wa NASA, mama mmoja mhandisi aitwaye Marjorie Townsend, ndiye aliyependekeza jina. (Sisi Watanganyika tuliikosa kwa siku tatu tu, Desemba 9!)

Kwenda Malindi hakukuwa utalii. Kulikuwa na sababu mbili za kifizikia, na zote zinatuhusu sisi tunaoishi karibu na ikweta.

Ya kwanza: Dunia inapojizungusha, mtu aliye ikweta anabebwa kuelekea mashariki kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kutoka hapa kuelekea mashariki inaanza safari ikiwa tayari imesukumwa. Kwa roketi ndogo kama Scout, msukumo huo wa bure ni mali.

Ya pili ni nzito zaidi. Juu ya Atlantiki ya kusini, upande wa Brazili, kuna eneo ambalo chembe zenye nishati kubwa, zilizonaswa na sumaku ya Dunia, zinashuka chini kuliko kwingineko. Kifaa kinachohesabu eksirei kikipita katikati ya eneo hilo hupata kelele tupu. Setilaiti iliyo kwenye obiti ya ikweta haipiti katikati yake. Obiti ya Uhuru iliinama digrii tatu tu, kwa hiyo haikutoka nje ya mkanda mwembamba wa digrii tatu kaskazini na tatu kusini. Bukoba imo ndani ya mkanda huo. Ndiyo maana ilipita juu yetu mara nyingi hivyo.

Ushahidi wa Centaurus X-3

Vifaa vya Uhuru havikuwa vya ajabu. Ilikuwa na vihesabio viwili vya gesi, kimoja kila upande, kila kimoja kikiwa na eneo la takriban sentimita za mraba 840, kubwa kidogo kuliko karatasi ya A4. Setilaiti ilijizungusha taratibu, mzunguko mmoja kama dakika 12, ikifagia anga na kuhesabu. Haikupiga picha. Ilihesabu tu.

Mwaka 1971 timu iliangalia hesabu za chanzo kiitwacho Centaurus X-3 na kuona kwamba eksirei zinakuja kwa mapigo, pigo moja kila sekunde 4.8. Kama moyo, ila moyo wa polepole sana.

Baadaye wakagundua jambo la pili: mapigo hayo hayakuwa sawasawa. Kwa muda yalikaribiana, kisha yakaachana, kisha yakakaribiana tena, na mzunguko huo wote ulichukua siku 2.09. Unalijua jambo hili hata kama hujasoma fizikia. Simama kando ya barabara, basi lije linapiga honi. Likikukaribia sauti ni nyembamba, likishakupita inakuwa nzito. Honi ni ileile, kilichobadilika ni mwendo wa basi kukuelekea au kukukimbia. Mapigo ya Centaurus X-3 yalikuwa yanafanya hivyohivyo, maana yake chanzo kilikuwa kinatujia kisha kinatukimbia, kwa kasi ya kilomita 415 kwa sekunde. Ni kama kutoka Bukoba hadi Mwanza kwa barabara ndani ya sekunde moja.

Jambo la tatu ndilo lililomaliza ubishi. Katika kila mzunguko wa siku 2.09, eksirei zilipotea kabisa kwa karibu nusu siku, kisha zikarudi. Kuna kitu kikubwa kilikuwa kinapita mbele. Ni kupatwa, kama Mwezi unavyolifunika Jua.

Weka yote matatu pamoja: kitu kidogo kinachopiga mapigo, kinazunguka pamoja na kitu kikubwa, na kitu hicho kikubwa kinakifunika kila baada ya siku mbili. Hizo ni nyota mbili zilizofungamana, nyota jozi. Mwaka uliofuata, 1972, timu ikatangaza nyingine: Hercules X-1, yenye pigo kila sekunde 1.24 na mzunguko wa siku 1.7.

Kidogo kiasi gani?

Sasa jiulize: ni nyota gani inaweza kuzunguka mara moja kwa sekunde 1.24? Jua haliwezi, lingetawanyika. Hata kibete cheupe, yaani kiini kilichobaki cha nyota iliyozimika, chenye ukubwa wa kama Dunia, kwa kawaida kingechanika kwa kasi hiyo. Kinachobaki ni nyota ya neutroni.

Nyota ya neutroni ni masalia ya nyota kubwa iliyolipuka. Kiini chake kilibomokea ndani mpaka elektroni na protoni zikabanwa pamoja zikawa neutroni. Uzito wake ni kama mara 1.4 ya Jua letu, lakini upana wake ni kilomita 20 hadi 25 tu. Yaani Jua zima na zaidi, limekandamizwa likatosha katika mwendo wa kama kutoka Bukoba mjini hadi Kemondo. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, akiwa mwanafunzi wa uzamivu Cambridge, alikuwa amegundua nyota zinazopiga mapigo ya redio, na muda si mrefu zikaeleweka kuwa nyota za neutroni zinazojizungusha. Kwa hiyo Uhuru ilipoona mapigo ya eksirei, mtuhumiwa alikuwa anajulikana.

Ila hapa kuna swali ambalo mwanafunzi makini lazima aulize: nishati ya eksirei hizo inatoka wapi?

Somo kutoka maporomoko ya Rusumo

Twende Ngara. Pale Rusumo, Mto Kagera unaanguka, na maji yanayoanguka yanazungusha mitambo ya megawati 80 ambayo Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana. Maji hayachomwi. Yanaanguka tu. Kitu chochote kinachoanguka kinatoa nishati, na kiasi chake kinategemea mambo mawili: uvutano ni mkali kiasi gani, na kitu kinaanguka mpaka wapi.

Sasa linganisha. Chukua kilo moja ya mkaa, uichome yote. Nishati utakayopata ni sawa na kazi ya mitambo ya Rusumo kwa chini ya nusu sekunde. Chukua kilo moja ya haidrojeni, uigeuze yote kuwa heliamu kama Jua linavyofanya. Hapo utapata sawa na Rusumo ikifanya kazi mfululizo miezi mitatu. Hiyo ndiyo njia ya nyuklia, na watu wengi hudhani hakuna inayoizidi.

Sasa chukua kilo moja ya sukari, uiachie tu iangukie juu ya nyota ya neutroni. Itafika chini kwa zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga, na nishati itakayotoka ni sawa na Rusumo kwa nguvu zote, usiku na mchana, kwa miaka sita au saba. Hukuichoma wala hukuiyeyusha, umeiangusha tu. Na haijalishi ni sukari, gesi au mchanga. Kinachohesabika ni uzito wake.

Hilo ndilo jibu. Nyota ya neutroni haitengenezi nishati yake, inanyonya gesi ya jirani yake, na gesi inapoanguka inatoa moto. Msovieti Iosif Shklovsky alikuwa amelipendekeza jambo hilo kwa Scorpius X-1 tangu 1967. Uhuru ndiyo iliyoleta vipimo.

Njia ya gesi

Gesi inatokaje kwa jirani? Kati ya nyota mbili kuna mahali ambapo mvuto wa huyu na wa yule vinashindana. Nyota ya kawaida ikivimba mpaka ikafika hapo, au ikiwa kubwa na yenye upepo mkali unaopeperusha gesi yake, sehemu ya gesi inavuka mpaka na kuingia upande wa nyota ya neutroni.

Haiangukii moja kwa moja, kwa sababu nyota zote mbili zinazungukana na gesi inavuka ikiwa na mwendo wa pembeni. Kwa hiyo inazunguka kama maji kwenye sinki ukizibua kizibo, na kujipanga kuwa sahani pana. Tabaka za sahani zinasuguana, zinapata joto, zinashuka ndani taratibu.

Karibu na mwisho, gesi inakutana na sumaku. Mwaka 1976 timu ya Kijerumani iliyoongozwa na Joachim Trümper iliipima Hercules X-1 kwa kifaa kilichobebwa na puto, na kukuta dalili ya uga wa sumaku wenye nguvu zaidi ya mara trilioni ya ule wa Dunia. Sumaku ya namna hiyo haiiachi gesi iende itakako. Inaikamata na kuielekeza kwenye ncha mbili, na hapo inagonga na kupata joto la mamilioni ya digrii. Chuma cha mhunzi kikipata moto kinang'aa chekundu, kikizidi kinakuwa cheupe. Ukizidisha mpaka makumi ya mamilioni ya digrii, rangi yake ni eksirei. Na kwa kuwa nyota inajizungusha, ncha zile zinatumulika na kutupita, zinatumulika na kutupita. Hilo ndilo pigo.

Kuna uthibitisho mmoja ninaoupenda kuliko yote. Nyota ya neutroni inayoishi kwa akiba ya mzunguko wake, kama zile za redio, lazima ipunguze kasi kadiri inavyotumia. Centaurus X-3 na Hercules X-1 zilifanya kinyume: kwa miaka ile mapigo yao yalizidi kukaribiana kidogo kidogo, yaani nyota zilikuwa zinaongeza kasi. Gesi inayoingia ikizunguka inazisukuma, kama mtoto anavyosukuma gurudumu kwa fimbo. Anayetumia akiba hupungukiwa. Hizi zilikuwa zinaongezewa, maana yake zilikuwa zinalishwa.

Si kila chanzo kilipiga mapigo. Cygnus X-1, ambayo Uhuru iliifuatilia pia, ilipepesa ovyo bila mpangilio, na nyota iliyozunguka nayo ilionyesha kwamba mnyonyaji ni mzito kupita kiasi cha nyota ya neutroni. Ikawa mgombea wa kwanza madhubuti wa shimo jeusi. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Malindi haikulala

Uhuru ilinyamaza Machi 1973. Jukwaa liliendelea: kutoka palepale zilirushwa Ariel 5 ya Uingereza mwaka 1974 na SAS-3 mwaka 1975, zote za eksirei. Roketi ya mwisho iliondoka 1988. Ila kituo cha ardhini pale Ngomeni, ambacho leo kinaitwa kwa jina la Broglio, bado kinafanya kazi. Setilaiti zinazopita karibu na ikweta hushusha data zao hapo.

Mojawapo ni NuSTAR ya NASA, iliyorushwa 2012. Mwaka 2014, timu iliyoongozwa na Mtaliano Matteo Bachetti ilitangaza kwamba chanzo kimoja katika galaksi ya M82, umbali wa miaka ya mwanga milioni 12, kinapiga mapigo kila sekunde 1.37. Mng'ao wake ni kama Jua milioni kumi kwa pamoja. Vitu vikali namna hiyo vilidhaniwa kuwa mashimo meusi. Shimo jeusi halina uso wa kugongwa, haliwezi kupiga mapigo ya saa namna ile. Kumbe ni nyota ya neutroni, inalishwa kupita kiasi ambacho nadharia ya kawaida inaruhusu, na mpaka leo wanafizikia wanabishana jinsi inavyowezekana.

Nyingine ni IXPE, iliyorushwa Desemba 2021, inayopima mawimbi ya eksirei yanatetemeka kuelekea upande gani. Moja ya nyota zake za kwanza ilikuwa Hercules X-1, ileile ya mwaka 1972. Wanasayansi walitarajia mitetemo ielekee upande mmoja kwa kiasi kikubwa. Matokeo ya 2022 yalionyesha kiasi kidogo sana kuliko nadharia ilivyotabiri. Miaka hamsini baadaye, bado hatujui vizuri kinachotokea kwenye zile ncha.

Hili linakuhusu nini wewe?

Tuseme ukweli. Mwaka 1970 tulitoa ikweta, tulitoa bahari, tulitoa jina. Roketi ilikuwa ya wengine, vihesabio vya wengine, na waliosoma zile karatasi za hesabu na kuona mapigo ni wengine pia. Hata leo data inatua Malindi, kisha inasafiri kwenda kusomwa mbali. Kenya sasa ina shirika lake la anga tangu 2017, na mwaka 2018 setilaiti yake ndogo ya kwanza iliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ni hatua. Lakini kusoma data hakusubiri roketi.

Hapa ndipo mambo yamebadilika kweli. Data za Uhuru, za NuSTAR, za IXPE na nyingine nyingi ziko wazi kwenye hifadhi ya NASA iitwayo HEASARC. Hulipi. Huulizwi cheti wala uraia. Programu za kuzichambua ni za bure pia, na zinakwenda kwenye laptopu ya kawaida yenye Linux. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa fizikia anayejua kidogo Python anaweza kupakua faili la Hercules X-1, kupanga muda wa kufika kwa kila eksirei, na kuliona lile pigo la sekunde 1.24 kwa macho yake. Tatizo la bando na la umeme kukatika nalijua, lakini faili moja ukishalipakua unaweza kulifanyia kazi wiki nzima bila mtandao.

Kwa hiyo ukiambiwa astronomia ni ya nchi tajiri, jibu kwa vipimo. Anza na Centaurus X-3: tafuta sekunde 4.8, kisha tafuta siku 2.09, kisha tafuta ile nusu siku ya giza. Ukizipata zote tatu, utakuwa umepita njia ileile iliyopitwa mwaka 1971, safari hii na msomaji wa Kiswahili akiwa ndiye anayehesabu.